Sarafu sita za nyimbo za Freddie Mercury: je, ni sarafu kweli?

Mwalimu mstaafu wa muziki anayeishi Nakuru ameniandikia kwamba muuzaji mmoja wa Kisumu amemwonyesha kisanduku cha mbao chenye sarafu sita za rangi ya dhahabu, kila moja ikiwa imeandikwa jina la wimbo uliovuma wa mwimbaji Freddie Mercury na bendi yake ya Uingereza, Queen. Bei ni shilingi 48,000 kwa zote sita, na tayari ametuma arbuni ya shilingi 5,000. Muuzaji anasema zimechovywa katika dhahabu ya karati 24, kwamba visanduku vya aina hiyo ni 9,999 tu duniani, na kwamba baada ya miaka kumi zitakuwa na thamani ya kusomesha mtoto chuo kikuu. Mwalimu anataka kujua kama hizi ni sarafu halali, kama bei ni ya haki, na kama si hizi, anunue nini kwa ajili ya mjukuu wake anayejifunza piano.

Mwalimu, salamu zako nimezipokea, na picha ulizonitumia nimezitazama kwa makini, upande kwa upande. Nitatanguliza jibu kisha nieleze sababu: vilivyomo ndani ya kisanduku hicho ni medali za ukumbusho, wala si sarafu, na bei uliyotajiwa haina msingi wowote ninaoweza kuuona. Tafadhali usimalizie malipo.

Sarafu huitwa sarafu kwa kuwa kuna mamlaka ya nchi inayoidhamini. Haijalishi ni ya dhahabu au ya chuma, wala haijalishi kama imetengenezwa ili izunguke sokoni au ili ikae kabatini kwa mkusanyaji: kwa kawaida huonyesha imetolewa kwa jina la nchi gani au mtawala gani, na thamani yake ni kiasi gani kwa fedha za nchi hiyo. Chukua shilingi 20 ya toleo la 2018 na uitazame. Utaona ndovu, nembo ya taifa, jina la Kenya, na thamani yake imeandikwa waziwazi. Katika picha zako, upande mmoja una sura ya mwimbaji akiwa na kipaza sauti pamoja na miaka 1946 na 1991, yaani mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki, na upande wa pili una jina la wimbo juu ya mchoro wa rangi. Hakuna nchi, hakuna mtawala, hakuna pauni, dola wala shilingi. Kitu kama hicho mtu yeyote mwenye mtambo anaweza kukitengeneza, leo kwa jina la mwimbaji huyu na kesho kwa jina la mwingine, na kwa kawaida bila kuvunja sheria ya fedha, kwa sababu hakidai kuwa fedha. Anayekosea ni yule anayekiuza kwa jina la sarafu.

Kuna jambo jingine katika picha hizo lililonifanya nitilie shaka hata umakini wa waliozitengeneza. Muuzaji anaziita nyimbo sita alizotunga Freddie Mercury, na mojawapo ni "We Will Rock You". Wewe umefundisha muziki na huenda ulishaliona hilo kabla yangu: wimbo huo ulitungwa na Brian May, mpiga gitaa wa bendi. Freddie ndiye aliyetunga "We Are the Champions", ambao kwa kawaida hupigwa mara tu baada yake, na nadhani huko ndiko mkanganyiko ulikotokea. Kiwanda kinachotoa sarafu halali za msanii hufanya kazi kwa idhini yake au ya wanaosimamia kazi zake, na kosa la namna hiyo lingeonekana mapema kabla chuma hakijapigwa chapa.

Sasa, ni vyema ujue kwamba sarafu halali za kuenzi kazi ya Queen zipo, na zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Mwanzoni mwa 2020, Royal Mint, ambacho ndicho kiwanda rasmi cha sarafu cha Uingereza, kilianzisha mfululizo wa sarafu za magwiji wa muziki, na Queen ikawa bendi ya kwanza ya Uingereza kuwekwa kwenye sarafu ya nchi hiyo, miaka 50 tangu ilipoundwa mwaka 1970. Mchoraji wake, Chris Facey, hakuchora sura ya mtu hata mmoja. Alichora ala za wanamuziki wote wanne: piano ya Freddie juu, gitaa ambalo Brian May alilitengeneza mwenyewe na baba yake, gitaa la besi la John Deacon, na ngoma ya Roger Taylor yenye nembo ya bendi. Ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia na kutazama vitufe vya piano, utaona kwamba baadhi vimebonyezwa. Hivyo ndivyo vitufe vya noti za mwanzo za "Bohemian Rhapsody", wimbo wa mwaka 1975. Kwa maoni yangu hakuna njia bora ya kuuheshimu wimbo kwa kutumia chuma kuliko hiyo, kwa kuwa jina la wimbo halikuandikwa popote, lakini mtu anayejua piano anaweza kuusoma. Nikifikiria mtoto anayejifunza piano akiitafuta mwenyewe siri hiyo kwa kioo, naona zawadi ambayo medali sita za kisanduku haziwezi kuifikia.

Sarafu hiyo ilifuatwa na nyingine. Ya Elton John ilitoka mwaka huohuo wa 2020, ikiwa na kofia yake ya majani na miwani iliyoundwa kwa noti za muziki. Ya David Bowie ilifuata kabla mwaka haujaisha, kisha zikaja za The Who, The Rolling Stones na Shirley Bassey, na ya George Michael ikatolewa mwaka 2024, ambapo noti za wimbo wake "Faith" zimechorwa pamoja na sura yake. Kanada ilitoa mwaka 2022 sarafu ya dola 1 ya mpiga piano mweusi Oscar Peterson, na hiyo haikuwa ya kabatini tu, bali iliingia madukani na mifukoni mwa watu. Marekani nayo ilimweka Celia Cruz, malkia wa salsa aliyezaliwa Kuba, kwenye sarafu ya robo dola mwaka 2024, pamoja na neno alilozoea kulipaza jukwaani, "¡Azúcar!". Wazee wetu waliocheza rumba na salsa katika kumbi za Kisumu wangelitambua neno hilo mara moja.

Yapo pia matoleo yaliyo kati ya sarafu ya kiwanda cha taifa na medali ya mtu binafsi. Visiwa vidogo vya Pasifiki kama Niue na Visiwa vya Cook huruhusu viwanda vya nchi nyingine kupiga sarafu kwa jina lao, zikiwa na thamani kwa dola zao, na kwa njia hiyo wasanii na wahusika wengi wa filamu wamewekwa kwenye sarafu. Hizo ni halali. Hata hivyo hazitolewi kwa sababu watu wa visiwa hivyo wanazihitaji sokoni. Hutolewa kwa sababu wanunuzi wa nje wanazitaka, na wanunuzi hao wakipungua, thamani iliyo juu ya ile ya madini hupungua nao. Ukikutana na mojawapo, ipime kwa madini yake kwanza, kisha kwa mapenzi yako.

Kuhusu dhahabu ya karati 24, muuzaji huenda anasema kweli, lakini ukweli huo haukusaidii. Kuchovya ni kukifunika chuma cha bei rahisi kwa utando mwembamba mno. Tufanye hesabu pamoja. Medali yenye kipenyo cha milimita 38 hivi ina eneo la takribani sentimita za mraba 27 ukijumlisha pande zote mbili na ukingo. Tuseme utando wa dhahabu una unene wa mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Uzito wa dhahabu yote iliyo juu ya medali moja utakuwa miligramu 5 hivi, na ya kisanduku kizima ni gramu 0.03. Ili upate gramu 2 tu, ambazo ni uzito wa pete nyembamba ya ndoa, utahitaji kununua visanduku zaidi ya 60, kisha utafute namna ya kuikwangua dhahabu hiyo bila kuipoteza. Muuzaji anaposema "dhahabu", mwulize ni gramu ngapi. Kama ni sarafu ya dhahabu, uzito na usafi wake hutajwa katika maelezo ya kiwanda, na hakuna mtu anayeuficha.

Idadi ya 9,999 nayo isikutishe. Kikomo kina maana pale tu ambapo aliyekiweka anajulikana, na idadi iliyotengenezwa inaweza kuthibitishwa mahali palipo nje ya mikono ya muuzaji. Viwanda vikubwa hutangaza kikomo cha kila toleo, na baadaye baadhi yake hutangaza idadi iliyopigwa hasa, ambayo mara nyingi huwa chini ya kikomo. Cheti kilichomo kisandukuni hakina jina la kiwanda unachoweza kukiandikia barua. Kina mhuri wa rangi ya dhahabu na sahihi isiyosomeka. Tena, hata kama kikomo hicho ni cha kweli, uhaba peke yake hauzai bei. Lazima wawepo watu wanaokitafuta kitu hicho na kukikosa.

Niliulizwa swali linalofanana na lako na kijana wa Kakamega, ambaye alitaka kujua kama Benki Kuu ya Kenya inaweza kutoa sarafu ya wanamuziki wetu, na naona linafaa kujibiwa hapa kwa sababu muuzaji wako amekuahidi pia "sarafu rasmi za Kenya za waimbaji wa Nyanza na Magharibi" mwakani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inaipa Benki Kuu jukumu la kutoa fedha, na inasema kwamba noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazowakilisha Kenya au kipengele fulani cha Kenya, lakini zisiwe na picha ya sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti: mwaka 1966 zilitolewa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na mwaka 2003 ikatolewa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Mwai Kibaki kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Hiyo ya shilingi 40 ndiyo inayozungushiwa uvumi mitandaoni kwamba kuna watu wanaoinunua kwa malaki. Ilizunguka sokoni kama sarafu nyingine, wengi wanayo nyumbani, na atakayekuomba utume ada ya usajili kwanza ili aje kuinunua kwa bei hiyo anataka ada yako.

Kwa hiyo sarafu rasmi ya Kenya yenye sura ya mwimbaji haiwezi kutoka chini ya katiba hii, na anayekuahidi hivyo anakuuzia hewa. Lakini katiba haikuufunga mlango wa muziki. Inakataza sura ya mtu, haikatazi ala. Nyatiti yenye nyuzi zake nane ni kipengele cha Kenya bila shaka yoyote, na litungu la Wabukusu vilevile. Natamani kwa moyo wote siku moja nione sarafu ya nyatiti, ikatukumbusha marehemu Ayub Ogada, aliyeupeleka wimbo wa "Kothbiro" mbali na Nyanza hadi ukasikika katika filamu ya "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, au sarafu ya gitaa ikatukumbusha Daudi Kabaka na mtindo wa twisti uliowachezesha watu kuanzia Kakamega hadi Nairobi. Waingereza wameshaonyesha kwa sarafu ya Queen kwamba wimbo unaweza kuenziwa bila sura ya mtu hata mmoja, na kazi hiyo ndiyo ambayo sheria yetu inairuhusu.

Turudi kwenye ununuzi wako. Ushauri wangu ni utafute sarafu moja ya Queen ya mwaka 2020 badala ya medali sita. Ipo katika namna kadhaa, na ni muhimu uzitofautishe kwa sababu thamani iliyoandikwa inaweza kukupoteza. Ya pauni 5 ndiyo ya bei nafuu: imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, ina uzito wa gramu 28.28 na kipenyo cha milimita 38.61, na ilipotoka iliuzwa kwa takribani pauni 13. Ya wakia moja (gramu 31 hivi) ya madini safi ya fedha imeandikwa pauni 2 tu, ingawa ni ghali zaidi, na ya nusu wakia imeandikwa pauni 1. Namba hizo ni za kisheria, wala hazionyeshi bei sokoni. Usitarajie pia kwamba utaingia na ile ya pauni 5 katika duka la London na kununua mkate, kwani maduka na benki hazilazimiki kuipokea.

Kwa mjukuu, hiyo ya pauni 5 inatosha kabisa. Madini yake hayana thamani kubwa, na sarafu nyingi za aina hiyo huuzwa tena kwa bei iliyo karibu na ile ya kwanza au chini yake, kwa hiyo inunue kwa ajili ya muziki, si kama akiba. Kama nia yako ni kumwachia pia kitu chenye thamani, chagua ya wakia moja ya fedha, ambayo angalau bei ya madini ya fedha duniani itaibeba hata kama siku moja hakuna tena anayemkumbuka mwimbaji. Kabla ya kuagiza kutoka nje, jumlisha nauli ya kifurushi na bima, na uulize forodha mapema kuhusu kodi itakayotozwa, maana gharama hizo zinaweza kukaribia bei ya sarafu yenyewe.

Itakapofika mikononi mwako, au ukiuziwa na mtu wa hapa nchini, ipime kabla ya kulipa. Upande wa pili wa sarafu ya Queen ya 2020 lazima uwe na sura ya Malkia Elizabeth wa Pili. Ya Mfalme Charles ilianza baada ya malkia kufariki Septemba 2022, kwa hiyo "sarafu ya 2020" yenye sura ya Charles ni ya kughushi bila mjadala. Nenda kwa sonara yeyote hapo Nakuru mwenye mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu za mia za gramu, na umwombe akupimie. Tofauti ya gramu nzima ni sababu tosha ya kuondoka. Sogeza sumaku: si fedha wala huo mchanganyiko wa shaba na nikeli unaonata kwenye sumaku ya kawaida, na ikinata basi ndani yake kuna chuma.

Ya fedha ina kipimo kingine ambacho mwizi hupata shida kukidanganya. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikiwa imening'inizwa kwa uzi mwembamba, bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi itakupa karibu 10.5. Sarafu ya gramu 31.2 basi itasoma takribani gramu 2.97, wakati shaba iliyochovywa fedha, yenye uzito uleule, itasoma takribani gramu 3.5. Iondoe, iguseguse kwa kitambaa laini bila kuisugua, na uiache ikauke. Kama sarafu bado imo ndani ya kifuko chake cha plastiki kigumu na ni ya ubora wa juu ambao wakusanyaji huuita prufu, usiifungue kwa ajili ya kipimo hiki. Ile yenye uso unaong'aa kama kioo na michoro yenye weupe wa ukungu hupoteza thamani kwa alama moja ya kidole.

Mwisho tazama chapa yenyewe. Sarafu halali hupigwa kwa shinikizo kubwa, hivyo herufi zake zina kingo kali na uso wake ni laini. Ya kughushi iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo vidogo, herufi zenye kingo zilizolegea, na mara nyingine mstari wa kiungo unaozunguka ukingo. Katika sarafu ya Queen, vitufe vya piano ndivyo vitakavyokusaidia zaidi: kama havitofautiani kimoja na kingine, na hujui kipi kimebonyezwa na kipi hakijabonyezwa, iache. Na ikiwa imefungwa na kupewa daraja na kampuni ya kupima sarafu kama NGC au PCGS, usitosheke na kibandiko. Ingiza namba yake katika tovuti ya kampuni hiyo na ulinganishe picha.

Kuhusu utunzaji sitasema mengi: usiisafishe kwa majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia vyuma, isikae karibu na raba au kitambaa cha sufu, na isiwekwe katika vifuko vya plastiki laini ya PVC, ambayo baada ya miaka huacha ukungu wa kijani unaonata.

Imebaki arbuni yako. Mwandikie muuzaji ujumbe, usimpigie simu, ili majibu yabaki kwa maandishi. Mwulize ni nchi gani imetoa sarafu hizo, zina thamani gani kwa fedha za nchi hiyo, na ni kiwanda gani kilizipiga. Kwa nilivyoziona picha, hataweza kujibu hata moja. Hapo mwambie kwamba aliuza kitu kwa jina lisilo lake, na kwamba unadai shilingi 5,000 zako zirudishwe kupitia namba ileile uliyotumia kumlipa. Hifadhi ujumbe wa malipo, picha alizokutumia, na maneno yake kuhusu dhahabu na Benki Kuu. Akikataa, hivyo ndivyo vielelezo utakavyokwenda navyo kituo cha polisi kuandikisha taarifa.